Mzigo Hupimwa kwa Kutikiswa

(Mazungumzo haya yalitangazwa redioni Jumapili iliyopita. Tunayachapa hapa kwa ajili ya wasomaji ambao hawakuyasikia.)



Leo nataka kuzungumza nanyi juu ya baiskeli nne, bampa moja, na neno ambalo nililisema mara moja badala ya kulisema mara mbili. Najua wapo watakaouliza: je, habari za bampa ndizo za kutuketisha mbele ya redio siku ya Jumapili? Nawaomba mnivumilie. Jambo lenyewe lilitokea mbali, huko Marekani, lakini mimi nilikuwapo, na kila ninapolikumbuka mwili hunisisimka.

Mwezi Julai mwaka 2022 nilikwenda kumtembelea mdogo wangu anayeishi Minneapolis, katika jimbo la Minnesota. Yeye ni mhasibu. Ana mke na watoto wawili, msichana aliyekuwa na miaka 14 na mvulana wa miaka 10. Mwaka ule alikuwa amenunua tela la matembezi. Kwa wasiolijua, hili si tela la kubebea saruji au mbao. Ni nyumba yenye magurudumu. Ndani mna vitanda, jiko, jokofu, choo na bafu, na huvutwa nyuma ya pikapu. Kiangazi kikiingia, Wamarekani wengi hulifunga nyuma ya gari wakaenda zao kulala kando ya ziwa au katikati ya msitu bila kulipia hoteli. Mengi ya matela hayo huundwa katika wilaya ya Elkhart, jimbo la Indiana, na watu wengi wa huko huishi kwa kazi hiyo.

Mpango wetu ulikuwa kwenda kaskazini, kwenye ufuko wa Ziwa Superior, mahali paitwapo Gooseberry Falls. Hapo pana maporomoko ya maji, na pana njia ya baiskeli iliyotiwa lami inayokwenda upande wa mnara wa taa wa Split Rock. Mnara huo ulimalizika kujengwa mwaka 1910, baada ya dhoruba kali ya Novemba 1905 kuharibu meli nyingi katika ziwa hilo. Watoto walikuwa wakihesabu siku. Kwao wao, safari bila baiskeli haikuwa safari.

Basi, baiskeli zikae wapi? Ndani ya tela mlikuwa mmejaa magodoro na masanduku. Pikapu nayo ilikuwa imejaa viti vya kukunja, jiko la kuchomea nyama na magunia ya mkaa. Mdogo wangu akanunua keria. Msiifikirie ile keria yetu ya nyuma ya kiti cha baiskeli, tunayopakiana mishikaki. Hii ni fremu ya chuma inayofungwa nyuma ya gari, na baiskeli hupangwa juu yake moja nyuma ya nyingine. Yeye aliifunga kwenye bampa la nyuma la tela, kwa vyuma viwili vilivyolikumbatia bampa lile na kukazwa kwa bolti. Kazi haikuzidi saa moja. Alikuwa na spana mpya zinazong'aa, na alikaza kila nati sawasawa. Siwezi kumsingizia ndugu yangu. Nati hazikuwa na kosa.

Jioni, baiskeli zikiwa zimekwisha kupakiwa, nikazunguka nyuma ya tela peke yangu.

Hapa sina budi kuwaeleza kidogo juu ya marehemu baba yetu. Baba alikuwa fundi baiskeli mjini Morogoro, chini ya mwembe, na wateja wake wakubwa walikuwa wauza mkaa. Mtu alikuwa akija na Phoenix yake, amepakia magunia mawili au matatu kwa kamba za katani, anataka kujaziwa upepo tu aendelee na safari. Baba hakukubali kumwachia aende hivi hivi. Alikuwa akilishika lile gunia la juu, akalitikisa kwa nguvu zake zote, kulia na kushoto, juu na chini. Wenye haraka walikasirika. Yeye alikuwa akiwajibu, "Mzigo hupimwa kwa kutikiswa, haupimwi kwa kutazamwa. Barabara itautikisa kuliko mimi." Mara nyingine gunia lilianguka palepale, na mwenye mkaa alirudi kulifunga upya huku akinung'unika. Lakini lilianguka chini ya mwembe, halikuanguka mbele ya basi.

Kwa hiyo jioni ile nilifanya nilivyofundishwa. Nikaishika baiskeli ya nje kabisa, nikaitikisa. Keria yenyewe haikulegea hata kidogo. Kilichocheza ni bampa. Lilikuwa likijizungusha taratibu, kama kifundo cha mkono wa mtu aliyebeba ndoo iliyomzidi nguvu, na lilikuwa likitoa mlio mdogo, kwi, kwi. Nikachuchumaa. Upande wa kulia, pale bampa lilipochomelewa kwenye chesisi, rangi ilikuwa imepasuka, na ndani ya ufa ule mlikuwa na mstari wa kutu mwembamba kama uzi.

"Mdogo wangu," nikamwita, "hili bampa linacheza."

Akaja, akalisukuma kwa mguu, akacheka. "Kaka, hapa si Gerezani. Vitu vya huku vimepimwa na wahandisi kabla ya kuuzwa. Tazama, imeandikwa hapa: baiskeli nne."

Na kweli iliandikwa hivyo, kwenye kibandiko kilichokuwa juu ya keria. Mimi nikanyamaza.

Kwa nini nilinyamaza? Nimejiuliza swali hilo mara nyingi. Nilikuwa mgeni, nimelishwa, nimelazwa, nimekatiwa tikiti. Niliona haya kumharibia mwenyeji wangu furaha yake mbele ya mkewe na watoto. Lakini ipo sababu nyingine ambayo inaniuma zaidi kuisema. Moyoni mwangu niliamini kuwa yeye ndiye anayejua. Mimi natoka Dar es Salaam, nchi ya kuunga na kuchomelea, nitawafundisha nini watu waliokwenda mwezini? Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Safari ile mgeni alikuja, akaiona ndwele, akaenda kulala.

Tuliondoka Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi. Kutoka Minneapolis mpaka Duluth, mji ulio kwenye ncha ya Ziwa Superior, ni kama kilometa 250 kwa barabara kuu namba 35. Ni barabara pana, yenye njia mbili kwenda na mbili kurudi, na kwa macho imenyooka. Lakini baridi ya Minnesota hugandisha maji yaliyo chini ya lami, ardhi ikavimba, na barafu ikiyeyuka lami hubaki na nyufa na vituta. Aliyekaa ndani ya pikapu husikia tap, tap, tap, akasinzia. Mkia wa tela, ulio mita kadhaa nyuma ya magurudumu yake, hausinzii. Kila tap ya mbele ni rungu kule nyuma.

Saa moja na robo hivi, kabla hatujaufikia mji wa Hinckley, gari dogo lililokuwa nyuma yetu likaanza kutuwashia taa. Likapiga honi. Mdogo wangu akatazama kioo cha pembeni, akasema, "Watu wengine hawana subira. Njia ya kupita iko wazi, si apite tu!" Likawasha tena. Tulikuwa tunakwenda mwendo wa kilometa 100 kwa saa. Katika mwendo huo gari hukata mita 28 kwa sekunde moja, yaani kabla hujamaliza kutamka jina lako umekwisha kupita nyumba mbili.

Kisha tukasikia kishindo, na mlio wa chuma kinachoburuzwa. Bampa lilikuwa limeng'oka upande wa kulia, likajipinda, na keria ikainama mpaka ikagusa lami ikitoa cheche. Mkanda mmoja ukakatika. Baiskeli ya nje, ile ya umeme ya shemeji yangu, ikaruka, ikadunda barabarani mara mbili. Katika kioo niliona lile gari dogo likikwepa, likayumba, likaingia kwenye majani ya kando ya barabara, likasimama katika vumbi lake.

Hatukumwua mtu. Naomba mlisikie hilo mapema, kwa maana sisi tulikimbia mita mia moja bila kulijua.

Katika gari lile alikuwamo mama mmoja kijana, na kwenye kiti cha nyuma mtoto mchanga aliyefungwa katika kiti chake. Mtoto alikuwa amelala. Mama yule hakutugombeza. Ingekuwa nafuu kama angetugombeza. Alisimama ameushika mlango wa gari kwa mikono miwili inayotetemeka, akasema kwa sauti ya chini kwamba alikuwa ameona chuma kimeanza kuning'inia, na ametuashiria kwa kilometa kadhaa. Alikaa nyuma yetu makusudi, badala ya kutupita, ili atuzuie. Kwa nini hatukusimama?

Mdogo wangu hakuwa na jibu. Nikamwona anakwenda kando ya barabara, anakata matawi ya vichaka, anakuja kuyapanga kwenye lami nyuma ya tela kama anavyofanya dereva wa Fuso lililoharibika pale Chalinze. Miaka yote ile Marekani, na katika pikapu yake mna pembetatu mbili za kuakisi mwanga, lakini hofu ilimrudisha nyumbani. Askari wa barabarani alipofika aliyatazama yale matawi, akatutazama sisi, akauliza ni ya nini. Hapana aliyecheka.

Wakati tunasubiri, yule mvulana wa miaka 10 alikuja akasimama karibu nami. Akaniuliza, "Baba mkubwa, si ulisema jana kwamba linacheza?"

Wasikilizaji, nimeulizwa maswali mengi katika maisha yangu, na watu wakubwa zaidi ya mtoto yule. Hilo ndilo lililonishinda.

Tulifungua keria, tukaingiza vipande ndani ya tela, na askari akatuelekeza kwenye karakana moja ndogo ya mzee mchomeleaji. Mzee yule aliligonga bampa letu kwa vifundo vya vidole. Likalia kama debe. Akatuonyesha pale lilipokatika. Tulilokuwa tukiliona kuwa ni nguzo ya chuma lilikuwa bomba la mraba, upana wa inchi nne, tupu ndani, na unene wa bati lake haukuzidi sana unene wa sarafu. Ndani yake mlikuwa na mpira wa kutolea maji machafu ya choo, umekunjwa. Akasema hiyo ndiyo kazi ya bampa la namna hiyo: kuhifadhi mpira ule, na katika baadhi ya matela kubeba tairi la akiba. Watengenezaji wengi wa matela huandika katika vitabu vyao kwamba mzigo mwingine usiwekwe hapo, au usizidi kiasi kidogo wanachokitaja.

Ndipo tukapiga hesabu, na mhasibu wetu alikuwa mtu wa kwanza kuinamisha kichwa. Baiskeli mbili za umeme, kila moja kilo 27, ni kilo 54. Baiskeli mbili za kawaida za watoto, kilo 14 kila moja, ni kilo 28. Keria yenyewe kilo 18. Jumla kilo 100. Tulikuwa tumempandisha mtu mnene juu ya bati lile, tena hatukumkalisha juu yake, tulimning'iniza nyuma yake. Chukua ndoo ya maji uishike karibu na kifua, kisha unyooshe mkono uishike mbali na mwili. Ndoo ni ileile, lakini mkono utakuambia kuwa imekuwa nyingine. Hivyo ndivyo bampa lilivyosokotwa, na kila kituta cha barabara kiliurusha mzigo juu na kuuangusha, ukawa mzito mara kadhaa kuliko ulivyokuwa uani kwa mdogo wangu.

Mzee yule akatueleza na jambo la pili, ambalo hata baba yetu asingelijua, maana Morogoro hatukuwa na matela ya namna hiyo. Tela la magurudumu ya kati ni mfano wa bembea ya watoto. Ukiongeza uzito nyuma ya ekseli, unaliinua mbele. Sasa tela likae imara barabarani, sehemu ya mbele inayokalia gari lazima ibebe kama asilimia 10 mpaka 15 ya uzito wote. Letu lilikuwa na kilo 2,500, na mbele palikaa kilo 280, yaani zaidi kidogo ya asilimia 11. Kilo zetu 100 zilikuwa mita tatu nyuma ya ekseli, na kutoka ekseli mpaka kiungio cha mbele ni mita tano. Kwa hesabu ya bembea, tulikuwa tumepunguza mbele kilo 60. Zilibaki 220 katika tela ambalo sasa lina kilo 2,600, yaani asilimia 8 na nusu. Tela lililopungukiwa uzito mbele huanza kupiga mkia, kushoto na kulia, na likikolea linaweza kuligeuza gari linalolivuta. Kwa hiyo, hata kama bampa lingestahimili, bado tulikuwa tumebeba hatari nyingine ambayo haikuwa na mlio.

Mdogo wangu akamwuliza kama anaweza kulichomelea bampa upya, alitie nguvu, tuendelee. Mzee akajibu kuwa atalichomelea libebe mpira wa choo, lakini baiskeli hataki kuzijua. Anayetaka kubeba baiskeli nyuma ya tela, alisema, aachane na bampa. Ashikize kipokeo cha chuma kinene kwenye mihimili yenyewe ya chesisi, baada ya kuhakikisha kwamba mtengenezaji wa tela anaruhusu, kisha anunue keria iliyoandikwa waziwazi kuwa ni ya matela. Au aweke keria mbele, juu ya ule ulimi wa pembetatu unaoliunganisha tela na gari, apime kwanza kwamba akikata kona baiskeli hazitagonga pikapu, na kwamba uzito wa mbele hautapita kiasi. Baiskeli za umeme zivuliwe betri. Taa za breki na namba ya gari zisifunikwe. Kisha dereva asimame baada ya kilometa chache za kwanza, ashuke, atikise, akaze, ndipo aendelee.

Atikise. Nilimtazama mdogo wangu, naye akanitazama. Mzee yule hakujua kwa nini tulitazamana.

Nadhani mnaweza kukisia tulivyofanya. Jiko la kuchomea nyama na mkaa tuliviacha kwa mzee. Baiskeli mbili zikapanda pikapu, na ya tatu ikalazwa juu ya blanketi sakafuni mwa tela, karibu na ekseli. Ya nne ilikuwa imekwisha kazi. Tulifika Gooseberry Falls jua linaelekea kuzama, na kesho yake watoto waliendesha baiskeli mpaka wakachoka. Nafasi ilipatikana tangu mwanzo, wasikilizaji. Ilikuwa inakaliwa na magunia ya mkaa.

Tuliporudi Minneapolis mdogo wangu alilitafuta boksi la keria. Karatasi ya maelezo ilikuwa bado imo ndani ya mfuko wake wa plastiki, haijafunguliwa. Ukurasa wa pili ulisema kwamba keria ile isifungwe kwenye chombo kinachovutwa. Kibandiko hakikusema uongo. Kiliisemea keria, hakikulisemea bampa, na bampa halikuwa na wa kulisemea isipokuwa mimi.

Nawaeleza haya kwa sababu tunayo methali tunayoipenda kupita kiasi. Ajali haina kinga. Tunaisema msibani, tunaisema polisi, tunaisema kituo cha basi. Sikatai kwamba zipo ajali zisizo na kinga. Radi ikikupiga shambani, nani alaumiwe? Lakini ya kwetu ilikuwa na kinga nne. Kinga ya kwanza ilikuwa karatasi ndani ya boksi. Ya pili ilikuwa mkono wangu uliotikisa. Ya tatu ilikuwa kinywa changu. Ya nne alikuwa yule mama aliyetuwashia taa, tukamwona hana adabu. Kinga zote nne tuliziruka, moja baada ya nyingine, kisha tukashangaa kujikuta chini.

Wala sisi si peke yetu. Chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, kilitoa uchunguzi wake mwaka 2016 kuhusu vitu vinavyoanguka na kuzagaa barabarani. Katika miaka minne, kuanzia 2011 mpaka 2014, vitu hivyo vilihusika na ajali zaidi ya 200,000 nchini humo, na watu wapatao 500 walikufa. Karibu theluthi mbili ya ajali hizo zilitokana na vitu vilivyodondoka kwenye magari yasiyotunzwa au yenye mizigo iliyofungwa vibaya. Hiyo ni nchi yenye wahandisi, vibandiko na askari kila mahali. Vibandiko havifungi mzigo. Mzigo hufungwa na mtu.

Na jambo baya kuliko yote katika mzigo wa nyuma ni hili: anayeufunga siye anayeumia nao. Mzigo wa mbele ukianguka, utakuangukia wewe. Wa nyuma humwangukia anayekufuata, ambaye hukumjua, hukumwomba ruhusa, na pengine ana mtoto amelala. Wewe utasikia kishindo tu, tena kama redio ya gari haijazidi sauti.

Hapa Dar es Salaam hatuna matela ya kulala kando ya ziwa. Lakini kila siku nawaona vijana wa bodaboda wakibeba mtungi wa gesi kwa mpira mmoja, bajaji ikipita na godoro lililofunika taa za nyuma, na lori la nondo ambazo zimechomoza nyuma kama mikuki bila hata kitambaa chekundu. Mwenye mzigo anauliza, "Umefunga vizuri?" Anajibiwa, "Usiwe na wasiwasi, mzee." Naye anaacha kuwa na wasiwasi, kana kwamba wasiwasi ulikuwa ndio hatari yenyewe. Sisi abiria na wapita njia tunaona kamba inalegea, na tunasema moyoni, mwenyewe anajua.

Mwenyewe hajui. Hilo ndilo nililojifunza kabla ya Hinckley. Mwenyewe yuko mbele, ameshika usukani, na yaliyo nyuma yake anayeyaona ni wewe. Ukiambiwa kwamba hapa si Gerezani, sema mara ya pili. Ukichekwa, mshike mkono umpeleke nyuma, aweke kidole chake kwenye ufa. Heshima ya ndugu haivunjiki kwa bampa kutazamwa. Ungeniuliza mwaka 2022 nilimheshimu mdogo wangu kwa kunyamaza, ningekujibu ndiyo. Leo nasema nilimwacha peke yake.

Mwezi Oktoba mwaka uleule alinipelekea picha. Kipokeo kipya kimeshikizwa kwenye chesisi, keria mpya ipo juu yake, na baiskeli ni mbili tu, zile za watoto. Katika picha ile mwanawe anaonekana ameishika baiskeli ya nje kwa mikono miwili, meno nje, miguu ameitanua. Chini ya picha mdogo wangu aliandika maneno machache: "Kaka, anaitikisa. Hatuondoki mpaka aseme."

Nawatakieni Jumapili njema.